Kijibwa Kitandani: Tumhurumie Nani Kwanza?





Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi watalicheka kabla hawajalisoma. Nalo ni usalama wa hawa mbwa wadogo wanaolala kitanda kimoja na wenye nyumba. Najua atakuwepo wa kuuliza: hapa Buyenzi, au kwa ndugu zetu wa Biryogo kule Kigali, nani analala na mbwa? Tuvumiliane kidogo. Tumepata barua kutoka mbali, na wiki hiyo hiyo likatokea jambo hapa hapa mtaani, tukaona mambo haya mawili yana mzizi mmoja.

Barua ya dada yetu

Dada yetu mmoja anafanya kazi Brussels, nchini Ubelgiji. Anamtunza bibi mmoja wa Kizungu aliyepita miaka themanini. Anamwogesha, anampa dawa kwa wakati, na usiku mara tatu kwa wiki analala huko huko. Bibi huyo ana mbwa aina ya Chihuahua, ambaye mtu mzima wake hafiki hata kilo tatu. Mbwa huyo hulala ndani ya blanketi, ameegemea tumbo la bibi.

Asubuhi moja dada alikusanya shuka na blanketi kwa pamoja ili azipeleke kufuliwa, kama anavyofanya kila Jumatatu. Akasikia mlio. Mbwa alikuwa amefungwa ndani ya lile furushi na alibaki kidogo tu aanguke sakafuni. Bibi alilia kama mtu aliyeona mtoto wake anataka kufa. Jioni binti wa bibi akapiga simu, akamwambia dada kwa adabu lakini kwa ukali kwamba jambo hilo likitokea tena, watatafuta mtu mwingine.

Dada anauliza mambo matatu. Je, huyu mnyama yuko salama kulala pale? Je, bibi mwenyewe yuko salama? Na je, yeye mwenye kutandika kitanda kile, swala yake inakuwaje? Halafu akaongeza neno lililotugusa sana: "Nikiwaambia mbwa asilale kitandani, watasema ni kwa sababu mimi ni Mwislamu na dini yangu inachukia mbwa."

Tukiri kosa letu. Jibu la kwanza lililoandikwa na mmoja wetu lilikuwa mistari minne: mbwa ni najisi, tafuta kazi nyingine, Allah atakuruzuku. Tulilisoma, tukatazamana, hatukulituma. Si kwamba lina uongo wote ndani yake. Lakini halikumjibu dada hata swali moja, na dada ana watoto watatu hapa Bujumbura wanaosoma kwa kazi hiyo.

Aliye hatarini kwanza ni mbwa mwenyewe

Tuanze na swali la kwanza, maana ndilo ambalo sisi hatulifikirii kabisa.

Mbwa hawa wadogo wana mifupa myembamba mno. Mfupa wa mguu wa mbele wa Chihuahua ni mwembamba kuliko penseli. Madaktari wa wanyama wanajua vizuri kwamba mbwa wadogo wa aina hii huvunjika miguu ya mbele kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi au kitanda, au kwa kuponyoka mikononi mwa mtu. Na mahali panapovunjika, karibu na kifundo, damu inayofika pale ni chache, kwa hiyo mfupa huchelewa kuunga, na pengine hauungi mpaka utiwe chuma. Kitanda ambacho kwetu sisi ni kifupi, kwake ni sawa na mtu kuruka kutoka juu ya ukuta, tena gizani, tena zaidi ya mara moja kwa usiku.

Wako wengine, wale wenye mwili mrefu na miguu mifupi wanaoitwa Dachshund, ambao tatizo lao kubwa ni uti wa mgongo. Kuruka juu na chini kunazidisha mzigo kwenye mgongo ambao tangu asili ni dhaifu, na wapo wanaopooza miguu ya nyuma.

Kisha kuna joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Mbwa mzima mwenye afya akisikia joto ndani ya blanketi hutoka mwenyewe. Lakini mtoto wa mbwa, au aliyezeeka, au mgonjwa, huenda asiweze. Na wale wenye uso uliobonyea kama Pug na Pekingese, ambao hata mchana pumzi zao ni za shida, ndio wa kuogopewa zaidi.

Mwisho kuna mwili wa mtu. Mtu wa kilo sabini akijigeuza usingizini juu ya mtoto wa mbwa wa nusu kilo, hahitaji nia mbaya ili amuumize. Na mtu aliyekunywa dawa za usingizi, kama wazee wengi wanavyokunywa, haamki upesi. Hizo dawa nazo zikianguka shukani ni hatari nyingine. Kidonge kimoja cha maumivu kama ibuprofen, ambacho kwa mtu mzima ni kitu kidogo, kinaweza kumdhuru vibaya mnyama wa kilo mbili.

Kwa hiyo, dada yetu, jibu la swali lako la kwanza ni hili: hapana, pale kitandani hayuko salama. Na wewe ukisema hivyo, unasema kwa ajili yake. Usione haya.

Na bibi je?

Hapa inatupasa tuwe waadilifu. Watu wengi Ulaya na Marekani wanalala na mbwa wao na hawaumwi. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa California, Bruno Chomel na Ben Sun, waliandika makala juu ya magonjwa yanayoweza kutoka kwa wanyama hadi kwa watu katika chumba cha kulala. Walieleza kwamba kuambukizwa ni nadra lakini kupo, na kwamba watoto wadogo na watu ambao kinga yao ya mwili imepungua ndio wanaotakiwa kuchunga zaidi.

Bibi wa miaka themanini ni mmoja wa hao. Ngozi yake ni laini kama karatasi, ukucha wa mbwa unaichana, na mate ya mbwa yakiingia kwenye mchubuko si jambo la kupuuza. Kuna vijidudu vinavyoishi kinywani mwa mbwa mwenye afya kabisa, ambavyo kwa mtu aliyeondolewa bandama, au ambaye bandama yake haifanyi kazi, vinaweza kuleta homa ya kuua. Tunalitaja hili makusudi, kwa sababu katika familia zetu wamo watoto wenye ugonjwa wa selimundu, na bandama zao huharibika mapema. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asimwache alambwe na mbwa, awe wa Ulaya au wa uani.

Lakini jambo la karibu zaidi kwa bibi ni kuanguka. Nchini Marekani walihesabu, wakakuta kwamba kati ya mwaka 2001 na 2006 watu zaidi ya 86,000 kwa mwaka walitibiwa hospitali kwa kuanguka kulikosababishwa na mbwa na paka, na sehemu kubwa ilitokana na mbwa. Mzee anaamka usiku kwenda chooni, mbwa anaruka kitandani kumfuata, anajipenyeza miguuni. Akianguka hapo na kuvunjika nyonga, huenda asisimame tena.

Tutaje pia jambo la upande wa pili, ili tusionekane tunachagua yanayotufurahisha. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walipima usingizi wa watu wazima 40 wenye afya waliolala na mbwa chumbani. Walikuta kwamba mbwa akiwa chumbani tu, usingizi wa mwenyewe hauharibiki sana. Alipopanda kitandani ndipo usingizi ulipopungua ubora. Jambo hili tulishike, kwa sababu ndani yake imo njia ya kutokea: bibi anachohitaji ni mwenzake awe karibu. Karibu si lazima iwe chini ya blanketi.

Yaliyotokea kwetu

Sasa tuje nyumbani, maana msomaji ameshaanza kusema haya ni ya Wazungu.

Wiki hiyo tuliyopata barua, baba mmoja wa mtaani kwetu aliamka alfajiri kwa ajili ya swala, akapita kwa watoto kuwaamsha. Akakuta ndani ya chandarua, baina ya mwanawe wa miaka sita na ukuta, kuna mtoto wa mbwa. Kijana alikuwa amemwokota karibu na soko, akamficha siku nne, akimpa mkate wake wa asubuhi. Mikono ya mtoto ilikuwa na michubuko ya kucha na meno.

Baba alifanya ambalo wengi wetu tungefanya. Alipiga kelele, akamshika mbwa kwa kitambaa, akamtupa nje ya lango. Kisha nyumba ikafuliwa tangu shuka mpaka mapazia.

Kulipokucha, jirani ambaye ni muuguzi akauliza swali moja tu: "Huyo mbwa yuko wapi?" Hakuna aliyejua.

Ndugu zetu, kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi mno kati yao Afrika na Asia, na kwamba kati ya wanaokufa, 40 katika kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote wanapata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, tiba hakuna, ni kifo. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Tena huhitaji kuumwa kwa nguvu. Mkwaruzo wenye mate unatosha. Na mtoto wa mbwa anaweza kuwa nacho, hata akiwa mzuri kama toi.

Laiti yule mbwa angefungwa mahali na kuangaliwa siku kumi, familia ingejua. Mbwa aliyeuma akibaki mzima siku kumi, basi hakuwa akitoa virusi hivyo katika mate yake siku ile, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Kwa kuwa alitupwa, mtoto ilibidi apigwe sindano zote, na baba alikopa nauli na gharama nyingine. Na mbwa, kama alikuwa mgonjwa, alikwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Alhamdulillah, kijana mzima. Lakini tunasema wazi: siku ile karaha yetu haikumlinda mtoto. Ilimwongezea hatari.

Mbali ya kichaa cha mbwa kuna minyoo. Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo waliyopewa na mama yao tumboni. Mayai yake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata miaka, mtoto akila udongo au asiponawa mikono anayameza, na wakati mwingine mnyoo huo hufika jichoni na kuharibu uoni. Viroboto na kupe hupanda kitandani pamoja na mbwa. Na funza hawa wa miguuni tunaowajua vijijini, mbwa naye anao, anawaleta ndani.

Kuna na jambo la Idd. Siku ya kuchinja, maini na mapafu yenye uvimbe wa maji tunayakata na kuwatupia mbwa wa nje. Yale maji yana watoto wa tegu. Mbwa akila anapata tegu, mayai yake yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa anayameza. Miaka inapita, kisha tumbo linavimba, anakutwa na uvimbe kwenye ini. Huko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ambako mbwa na watoto huishi karibu mno, ugonjwa huu ulikuwa mwingi hata AMREF ikaanzisha mradi wa kuudhibiti mwaka 1983. Tafadhali sana: maini yenye uvimbe yachomwe au yazikwe kwa kina, asipewe mbwa yeyote.

Dini imesema nini hasa?

Hatutaki kuwa mamufti hapa. Lakini swali la dada juu ya swala linahitaji jibu, na jibu lenyewe ni jepesi kuliko anavyodhani.

Sisi wengi wa ukanda huu tuko kwenye madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo yanamhesabu mbwa kuwa ni najisi, na kilichoguswa na mate yake kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Maimamu wengine wana kauli nyingine: katika madhehebu ya Imam Malik mbwa aliye hai ni twahara, na kwa Wahanafi najisi ni mate na siyo manyoya. Na hata kwa Mashafi'i, kikavu kikigusa kikavu hakinajisiki. Kwa hiyo dada akishika shuka kavu kwa mkono mkavu, hana tatizo. Avae glavu na nguo ya kazi, na nguo ya kuswalia aiweke kwenye mfuko wake, chumba kingine. Akiwa na shaka zaidi amuulize shekhe wa msikiti wa huko, kwa maana wao wanayajua mazingira yale. Allahu A'alam.

Mafundisho yetu yanakataza kufuga mbwa ndani bila haja, na yanaruhusu wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Hayo tunayajua tangu madrasa. Lakini madrasa hiyo hiyo ilitufundisha habari za mbwa aliyelala mlangoni pa pango pamoja na wale vijana, na habari za aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ampe mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Mbona haya ya pili hatuwasimulii watoto wetu siku wanapookota mbwa? Najisi ni hukumu ya kuosha. Haijawahi kuwa ruhusa ya kutesa. Mtoto wa miaka sita aliyegawa mkate wake hakufanya dhambi kwa kuhurumia. Kosa lake lilikuwa mahali alipomlaza, na hilo ni la kufundishwa, si la kupigiwa kelele.

Tunashauri nini

Kwa dada yetu wa Brussels tumeandika hivi. Usianze na kitanda, anza na ile asubuhi. Mwambie binti wa bibi kwamba uliogopa kumuumiza mbwa, na kwamba ungependa apatiwe kikapu kilichoinuliwa kidogo, kiguse godoro upande wa mkono wa bibi, kiwekwe kipande cha nguo yake kuukuu ili kinuke yeye. Bibi ataweza kunyoosha mkono na kumgusa usiku. Taa ndogo iwake ya kuendea chooni. Dawa zikae kwenye kisanduku kilichofungwa. Na kila asubuhi, kabla hujashika shuka, kwanza mwite mbwa kwa jina, umuone kwa macho yako yuko wapi. Kama watakataa kikapu, basi waweke ngazi ndogo ya kupandia, na mbwa alale juu ya blanketi, asilale ndani yake. Nyumba ni ya bibi na mwenye kuamua ni yeye. Wewe utakuwa umetimiza amana yako.

Kwa wazazi wa hapa, ushauri wetu ni mfupi. Mtoto mchanga na mtoto mdogo asilale na mnyama yeyote, kamwe. Watoto wafundishwe kwamba mbwa aliyelala haamshwi kwa kushikwa, maana akishtuka huuma, na watoto mara nyingi huumwa usoni. Aliyeumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa asiuliwe wala asifukuzwe, afungwe aangaliwe. Mwenye mbwa wa ulinzi ampe chanjo kila mwaka, dawa ya minyoo, na kibanda cha kumkinga na mvua. Wengi tunasema ni najisi, kisha tunamwacha analinda mali zetu usiku kucha akinyeshewa. Hilo nalo tutaulizwa.

Yule baba, tulipomtembelea, alitwambia jambo moja. Mwanawe hajamuuliza tena juu ya sindano. Anauliza kila siku kama yule mbwa alipata pa kulala. Baba akasema amekosa la kumjibu. Sasa ametengeneza kibanda cha mbao uani, karibu na banda la kuku, na amemuahidi mtoto kwamba akipatikana mwingine wa kulinda, atachanjwa na kulala humo.

Tunaona hapo ndipo pa kuanzia. Mbwa apewe mahali pake, mtoto alale mahali pake, na huruma ibaki nyumbani.

Tunamuomba Allah Subhaanahu wa Ta'ala awalinde watoto wetu na maradhi, awahifadhi ndugu zetu wanaotafuta riziki ugenini, na atujaalie huruma kwa viumbe vyake vyote. Aamiin.

Wabillahi Tawfiq.
Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.